Mtungi wa Ruzuku na Baba Mkwe Nisiyemwona

Serikali ilipoleta Lufingo mitungi ya gesi ya nusu bei, baba mkwe wangu alikuwa wa kwanza kuisema vibaya na wa kwanza kuamka siku ya kuigawa. Alikuwa akisema gesi ni ya watu wa mjini wasio na migomba wala kuni. Lakini nusu bei ni nusu bei, na ruzuku ukiiacha anaichukua jirani, tena yule yule mliyegombania naye mpaka. Akavaa koti la kanisani, akachukua kitambulisho, akaenda.

Mimi nilikuwa nimeshafika. Shida ilianzia hapo.

Kwetu ni Kongwa, ambako baba mkwe anakupa mkono na mnakula pamoja. Nikaolewa Unyakyusa, kwa mzee wa kanisa anayeshika mila kuliko anavyoshika zaburi: mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani. Wengi wameiacha mila hiyo, na mjini Tukuyu watu wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao. Yeye hapana. Tunakaa kiwanja kimoja, nyumba yetu huku, yake kule, migomba katikati, na miaka yote hiyo namfahamu kwa kofia, mgongo na kikohozi. Akisikia viatu vyangu, anapinda njia. Nikiona kofia, naingia migombani. Nimelowa sana kwa ajili ya heshima, maana mvua ya huku haijui kupumzika.

Basi siku ile, kabla ya kugawa mitungi, dada mmoja alisimama mbele ya ofisi ya kata kufundisha namna ya kuwasha na kuzima. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Baba mkwe alipouona mgongo wangu, aligeuka akaenda kujibanza nyuma ya choo cha ofisi mpaka somo likaisha. Nilipoondoka akajitokeza, akalipa, akabeba mtungi wake begani kama mtu aliyeshinda kesi. Somo hakulisikia hata neno.

Mtungi akauweka sebuleni, akauvika kitambaa cha kufuma alichoacha marehemu mama mkwe. Wageni wakawa wanakuja kuutazama. Huko jikoni aliendelea kupuliza kuni mbichi, na moshi ukaendelea kumpuliza yeye. Mimi ni muuguzi, kazi yangu iko hospitali ya Makandana, na kikohozi nakijua kwa mlio. Chake kilikuwa kinazidi kushuka kifuani, na daktari alishamwambia moshi ule utammaliza. Kila asubuhi nilikuwa nasikiliza upande wake. Nikimsikia anakohoa nahuzunika, nisipomsikia naogopa.

Nikampigia simu mume wangu, ambaye anaendesha lori na nyumbani huja kama mgeni. Akaniambia nimfundishe mimi. Nikamuuliza nitamfundishaje mtu nisiyeruhusiwa kumtazama. Akasema nitafute njia, mtandao ukakatika, au aliukata.

Njia ilikuwa ng'ombe. Mila inakubali maneno yapitie kwa mwingine, na nyuma ya jiko la baba mkwe, ambalo kuta zake ni za mianzi, kulikuwa na ng'ombe wake mwekundu amefungwa. Nikaketi kwenye gogo, nikaupa ukuta mgongo, nikamwambia ng'ombe amwambie mzee kwamba nimekuja kwa habari ya mtungi. Kisha sauti ya ndani ikamwambia ng'ombe kwamba mzee amesikia, na mtungi huu hapa umeshaletwa jikoni. Nikajua alikuwa akingoja siku hiyo kuliko mimi.

Somo likaenda vizuri. Ng'ombe alitafuna tu. Nilimwambia amwambie mzee kiberiti kitangulie: awashe njiti kwanza, ndipo afungue gesi, tena kidogo. Ndani akajibu kwamba ameelewa. Nikasikia gesi ikipumua. Halafu nikasikia mzee akipapasa mifuko ya koti, mmoja, mwingine, akimuuliza ng'ombe kiberiti kiko wapi, na gesi bado inapumua. Harufu ikapenya kwenye mianzi.

Sikumtuma ng'ombe. Niliruka ndani, nikafunga mtungi, nikasukuma mlango wote wazi. Baba mkwe alikuwa amesimama katikati ya jiko, kiberiti mkononi, uso wote ameufunika kwa kofia. Nyumba ilikuwa karibu kulipuka, na mzee wangu alikuwa anaogopa kuniona.

"Baba," nikasema, kwa hasira na machozi pamoja, "bora univunjie mila kuliko unifie hapa."

Nikatoka kinyumenyume, nikarudi kwenye gogo, nikiwaza nitatozwa faini gani kwa kuvunja mila. Nikasema tungoje harufu iishe, na tukangoja, mvua ikiniloweka. Baadaye kabisa akaanza kusema, polepole.

"Ng'ombe, mwambie mkamwana sikuona kitu. Mwambie pia arudie somo, mimi nina kichwa kigumu."

Nikarudia. Njiti kwanza. Nikasikia ikikwaruzwa, kisha moto ukashika, na baba mkwe akatoa sauti ya mtoto aliyeona treni.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka kazini nimelowa chapachapa. Juu ya lile gogo langu palikuwa na kikombe cha chai, kimefunikwa sahani, chini ya jani la mgomba lililofungwa juu kama paa, ambalo halikuwahi kuwa hapo. Mvuke ulikuwa bado unatoka. Nikaketi, nikaupa ukuta mgongo, nikanywa. Sukari ilikuwa nyingi ajabu.

Nikamwambia ng'ombe amwambie baba ndaga fijo, asante sana, ila sukari apunguze, muuguzi amesema.

Nyuma yangu, ndani ya mianzi isiyokuwa na moshi, baba mkwe akacheka. Nikabana pumzi, nikingoja kicheko kiishie kwenye kikohozi kama siku zote. Alicheka mpaka akamaliza.