Mafundo Ndani ya Doto

Kulwa Shigela alipokufa kwa saratani ya damu, pacha wake Doto alisimamisha ujenzi wa nyumba. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta. Mabati aliyoyapata baada ya kuuza maksai kwa wafanyabiashara binafsi, ambao tangu soko huria liruhusiwe walikuwa wakifika hadi kijijini kwao Milepa, yakabaki yameegemea ukuta.

"Doto humfuata Kulwa," alisema.

Kwetu Wasukuma majina hayo yana mpangilio: Kulwa ndiye anayetangulia kuzaliwa. Na hawa walitoka kwenye kondo moja, wakafanana mpaka mama yao akawa anamnyonyesha mmoja mara mbili, mwingine analia. Sasa kila Doto alipochoka kidogo aliona zamu yake imefika. Masika yakaja. Mkewe Herieth na watoto wakanyeshewa ndani ya kibanda cha nyasi.

Herieth akamwita mdogo wake Lydia, mwalimu wa baiolojia Sumbawanga mjini. Lydia akashuka bondeni, akamkuta shemeji yake kwenye ngitiri, yale malisho yanayofungwa kusubiri kiangazi. Alikuwa akikaza mafundo ya nyasi ukingoni, alama ya kuwakataza wachungaji wasiingie.

"Shikamoo, marehemu."

"Marahaba, mla chaki."

"Nyasi za humu na za kule nje ni aina mbili?"

"Zilezile. Hizi zimefungwa tu."

"Basi ndivyo mlivyokuwa wewe na Kulwa."

Akamweleza. Ndani ya kila seli mna DNA, uzi mrefu kupindukia, na vimeng'enya, vibarua wa seli, vinapita juu yake vikifunga vialama vidogo vya methili. Mara nyingi jeni iliyofungwa hunyamaza. Seli inapogawanyika, nusu ya uzi ni mpya, haina alama. Kimeng'enya kingine hupapasa upande wa zamani, kikakuta fundo, kikafunga lingine mkabala wake.

"Nani anakiagiza?"

"Hakuna. Kinahisi fundo la jirani, basi. Na pengine kinaruka fundo. Ndiyo maana pacha wa yai moja huanza kuachana tangu tumboni, kidogo kidogo."

Doto aliutazama mkono wake kama umeletwa na mgeni. "Hata sasa hivi?"

"Hata ukikoroma."

"Kwa hiyo sitaugua?"

"Hilo sikuahidi, shemeji. Nakwambia tu kwamba hakuna foleni."

Doto alirudi kwenye mafundo yake, akafunga polepole, akisimama kila mara kana kwamba anasikiliza kitu chini ya ngozi.

Kesho yake asubuhi Herieth alisikia nyundo, kisha kimya. Akatoka mbio. Doto alikuwa juu ya ukuta, kidole gumba kimepigwa, damu inachuruzika, naye ameikazia macho wala haifuti.

"Umeumia?"

"Panda uone, mama Debora," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Humu ndani kuna watu wapo kazini."

Kisha akaomba msumari mwingine.