Mashine ya Mkwe Upande wa Upepo

Mume wangu ni mwalimu wa fizikia, tena Mhaya, na mambo hayo mawili yakikutana kwenye mwili mmoja hakuna kitu cha nyumbani kitakachoharibika kikapelekwa kwa fundi. Redio itafunguliwa mezani. Pasi itafunguliwa mezani. Kisha nitaelezwa, kwa Kiswahili kilichotiwa Kiingereza kama chai iliyotiwa sukari na mtoto, kwa nini waliokitengeneza kiwandani hawakufikiri vizuri. Mimi ni Msukuma, nina duka la vitambaa Mabatini, na nimekaa kwenye ndoa hii muda wa kutosha kujua kwamba wakati wa maelezo hayo ni vizuri kuwa na mchele wa kuchambua.

Kwa hiyo alipoleta nyumbani mashine ya kuchomelea sikushangaa. Ilikuwa MIG ndogo, ile ya watu wanaoanza, inayosukuma waya yenyewe hadi mdomoni mwa bunduki, huku gesi ikitoka pembeni kukikinga chuma kilichoyeyuka kisipigwe na hewa. Nyumba yetu iko mlimani Ilemela. Mbele tunaliona ziwa, nyuma tumeegemea jabali kubwa. Huko nyuma, chini ya mpera, ndiko alikofanyia kazi yake ya kwanza, mlango wa banda la kuku. Ulitoka umepinda kidogo, lakini ulifunga, na kwa wiki nzima kila mgeni aliyekuja alipelekwa kuwaamkia kuku.

Kisha mama yangu akaanguka.

Alikuwa akiishi peke yake kijijini, huko Misungwi. Aliteleza akienda chooni asubuhi, akaumia nyonga, na jirani akamkuta bado yuko chini. Nilimfuata siku hiyo hiyo, nikamleta kwetu. Daktari alisema mfupa haukuvunjika, ila mama asianguke tena. Alilisema hilo akinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayewaangusha wazazi.

Sasa, mama yangu ni mtu wa mila. Mkwe kwake ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Hakai naye chumba kimoja, hali naye, hamtazami usoni wala hasemi naye ana kwa ana. Salamu ya asubuhi ilipita kwangu. Mume wangu aliniambia, "Msalimie mama." Mimi nikaenda uani, "Mama, mkweo anasema shikamoo." Mama akajibu, "Mwambie marahaba, ameamkaje?" Nikarudi sebuleni. Tangu nifunge ndoa, kila tunapokuwa na mama, nimekuwa tarishi wa watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa kupitia dirisha. Na mume wangu, pamoja na fizikia yake yote, hakulipinga jambo hilo hata siku moja, maana na kwao Kagera ukwe si jambo la mchezo.

Chumba tulichompa mama kiko uani. Njia ya kwenda chooni ilikuwa ama apite sebuleni kwa mkwe, jambo ambalo angefanya akiwa amebebwa kwenye jeneza tu, ama ashuke ngazi za mawe pembeni mwa jabali. Alishuka ngazi. Alishuka akipapasa jabali kwa kiganja, na mimi nilikuwa nikimchungulia kutoka jikoni, roho mkononi. Nilimwambia apite ndani. Akanijibu kuwa heshima si utumwa. Nikamwambia kuanguka nako si heshima. Akaacha kusema nami hadi jioni, kisha akasema kwamba kaka yangu mkubwa akija Jumapili atarudi naye kijijini, kwenye choo chake, asiendelee kuwasumbua watu.

Kijijini kulikuwa na nani? Hakuna mtu. Kaka yangu anaishi mjini Misungwi na angemfikisha, angemnunulia mafuta ya taa na sukari, angeondoka. Nililia nikioga, ili nisisikike.

Mume wangu aliposikia habari hiyo alivaa miwani, akaenda kuzipima ngazi. Akasema angeweka mkono wa chuma kuanzia mlango wa chumba cha mama hadi chooni, mama ashike ashuke, asiaibike, asianguke. Nilisema kuna mafundi wazuri barabarani, waje waumalize mchana mmoja. Alinitazama kama nimependekeza tununue ugali dukani.

"Mkono wa mama mkwe hauchomelewi na mtu wa barabarani, mama watoto."

Siku nilipompeleka mama kliniki, akazisimika nguzo kwenye zege. Yaliyobaki yalikuwa mabomba ya juu, ya kuungwa vipande vipande kabla ya kufungwa kwenye nguzo. Na hapo ndipo heshima ilipoanza kutuharibia kazi. Chini ya mpera sasa kulikuwa na mama, akiwa na mkeka wake, kisu chake, na turubai la bluu alilotandika juani kuanikia michembe. Viazi vitamu vyangu vyote vya jikoni vilikuwa vimemenywa na kukatwa vipande vya kukausha. Mkwe hawezi kwenda kupiga kelele na cheche mbele ya mama mkwe. Akaihamishia mashine mbele ya nyumba, kwenye kibaraza kinachotazama ziwa.

Chomeleo la kwanza lilitoka na vitundu kama kitumbua. Akaligonga kwa nyundo, likaachia.

"Ni kibanio cha ethi," akasema, kile kinachobana chuma kurudisha umeme kwenye mashine. Kibanio kilichokuja na mashine kwa kweli kilikuwa dhaifu, kingefaa kubania kanga kwenye kamba. Akaenda Mabatini, akarudi na kingine kizito cha shaba. Akachomelea. Vitundu.

"Ni rola." Ndani ya mashine kuna kigurudumu kinachosukuma waya, na hicho cha kwake kilikuwa cha plastiki. Akatafuta cha chuma, akakifunga, akanionyesha jinsi waya unavyotoka sasa bila kusitasita. Nikausifia waya. Akachomelea. Vitundu.

Akatoa mrija ambao waya hupitia ndani ya bunduki, akaupuliza, ukatoka uchafu mweusi akaufurahia kama mtu aliyekamata mwizi. Akabadilisha kebo ya umeme, akaweka nene. Akasema labda mashine ya kusaga kule chini ndiyo inayotunyonya umeme, akashuka mlima kwenda kuwauliza wanasaga saa ngapi. Aliifumua ile mashine hata ikawa bora kuliko ilivyotoka kiwandani, nadhani hata wimbo ingeimba angetaka, ila kuchomelea ikakataa. Na Jumapili ilikuwa inakuja.

"Ilifanya kazi kwenye banda la kuku," nikamwambia.

"Kuku ni mabati mepesi."

"Kuku ni kuku. Mlango ndio bati."

Hakucheka. Hapo nikajua kwamba anaogopa. Mkaidi wangu huyu, ambaye hukosoa viwanda, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ameinamia bomba, na nilimwonea huruma nikaamua nimchemshie kahawa hapo hapo kibarazani ili asikae peke yake. Nikaleta jiko la mkaa. Nikawasha kiberiti, kikazima. Nikawasha kingine nimekikinga kwa kiganja, nacho kikazima.

"Hapa kwako hata kiberiti hakiwaki," nikasema kwa hasira. "Huu upepo wa ziwani utafikiri umetumwa."

Akanyanyua kichwa. Akaitazama njiti mkononi mwangu, akalitazama ziwa, kisha akaufungulia mtungi wa gesi akaweka kiganja mbele ya mdomo wa bunduki. Hakuhisi kitu. Gesi yote ilikuwa inakwenda kwa jirani.

Nilitegemea aone aibu kidogo, mtu aliyefundisha habari za gesi miaka yote hiyo. Badala yake akasimama akanieleza kwa kirefu jinsi upepo unavyoiondoa gesi juu ya chuma kilichoyeyuka, hewa ikaingia, vitundu vikatokea, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikibisha. Sikuwa hata na mchele wa kuchambua.

Dawa ilijulikana basi. Arudi nyuma ya nyumba, jabali limkinge. Lakini nyuma kulikuwa na mama.

"Muulize mama," nikasema.

"Nimfukuze mama mkwe kwenye kivuli chake kwa ajili ya mashine?"

Nikazunguka nyumba. Mama alikuwa amekwisha kusikia kila kitu. "Mwambie mkwe aje, mimi nitajifungia chumbani."

Nikazunguka tena. "Mwambie mama mtu mzima hafungiwi ndani kwenye joto. Nitavumilia hapa hapa."

Nikazunguka. "Mwambie asivumilie, mimi Jumapili naondoka, mkono wenyewe ni wa nini tena?"

Neno hilo sikulipeleka. Nilisimama kwenye kona ya nyumba, mahali ambapo wote wawili wangenisikia, nikasema nimechoka. Nikasema kwamba miguu inayouma ni ya mama lakini inayotembea ni yangu, kwamba mmoja ataanguka kwa heshima na mwingine atampisha aanguke kwa heshima hiyo hiyo, na kwamba atakayebaki kulia ni mimi. Kisha nikaingia jikoni, nikafunga mlango kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Halafu nikasikia michembe ikimiminwa kwenye sinia. Nilipochungulia, mama alikuwa akilikung'uta turubai lake.

"Njoo ulitundike hili," akaniambia bila kunitazama. "Hapo kwenye kamba, lifike chini. Mkwe akae upande wa jabali. Mimi nitakaa huku."

Nikalitundika kutoka kwenye mpera hadi kwenye ndoano ya ukutani. Mama akahamisha mkeka. Mume wangu akaingia kwa njia ya upande wa pili akiwa na mashine yake iliyobadilishwa kila kitu, akainama hata pale ambapo hakuna aliyemwona. Turubai lilikuwa zito, hata mwanga wa moto ulionekana kwa mama kama mwezi mdogo wa bluu tu. Mlio wa mashine ulikuwa tofauti kabisa, mfululizo, kama mafuta samaki anapokaangwa. Nilijua kabla ya kuambiwa kwamba limeshika.

Nikarudi kwenye ile kahawa, jiko nimelihamishia jikoni. Moto ulikuwa umekubali sasa, nimesimama karibu na dirisha la jikoni, na nikamsikia mama akiuliza, "Hiyo harufu ni ya nini?"

Nilidhani ananiuliza mimi. Kabla sijajibu, sauti ya mume wangu ikasema polepole, kwa heshima zote, "Ni rangi ya bomba inaungua, mama."

Mimi nimeshika birika, sithubutu kuliweka chini.

"Haitakuumiza kifua?"

"Hapana, mama. Inapita."

Mashine ikalia, ikanyamaza. Mama akauliza kama bomba hilo litaweza kubeba mtu mnene. Mume wangu akasema litabeba hata ng'ombe. Mama akasema basi litambeba binti yake. Wakacheka. Wakacheka wote wawili, mmoja huku na mmoja kule, na mama akaanza kumweleza jinsi nilivyokuwa nikiiba michembe juu ya jiwe nikiwa mdogo na kuwasingizia mbuzi, mambo ambayo mume wangu hakupaswa kuyajua hadi kufa. Nilifurahi hadi macho yakaniuma. Pia niliona wivu, nikiri tu. Miaka yote hiyo nimebeba salamu zao, nao walipopata nafasi ya kusema wenyewe, walinisema mimi.

Jumamosi nzima ilikuwa hivyo. Kila nilipotoka uani na chakula, mazungumzo yalikatika, nikawakuta wawili hawa wamenyamaza kama wanafunzi mwalimu anapoingia. Nilikaa mbali. Kufikia jioni bomba la mwisho lilikuwa limeungwa kwenye nguzo, limesuguliwa, limepakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha.

Jumapili baada ya misa kaka yangu akafika. Mama alikuwa amekwisha kufunga mfuko wake wa nguo, na hakuna aliyemuuliza kitu, maana kwetu mtu mzima akishasema anaondoka humng'ang'anii, unamwekea chakula cha njiani. Nilimwekea. Akashuka ngazi kwenda chooni mara ya mwisho, mkono mmoja juu ya bomba, hakupapasa jabali. Akapanda akiwa amesimama wima. Nilitegemea aseme neno. Alisema tu rangi haijakauka vizuri, akajifuta kwenye kanga.

Kaka akaubeba mfuko. Mume wangu, upande wake wa turubai, hakuonekana, lakini nilimsikia akifungua fundo kwenye mpera. Turubai lilikuwa la mama, alitaka alikunje mama aende nalo. Ncha moja ikalegea, ikaanguka.

"Baba," mama akamwita mkwewe. Hakuniambia mimi nimwambie. "Hilo liache hapo hapo. Ukilikunja tutaongelea wapi?"

Fundo likafungwa tena. Kaka yangu akanitazama, nami nikamwonyesha kwa kidole chumba cha uani, akaurudisha mfuko ndani.