Misuli ya Ukutani kwa Senge

Gundi ya unga wa ngano ikichemshwa hunuka kama uji uliosahaulika jikoni. Ikipakwa kwenye ukuta wa udongo na kufunikwa kwa magazeti, harufu hiyo hugeuka polepole na kuwa chachu kidogo, kama maziwa ya jana. Hiyo ndiyo harufu iliyonipokea nyumbani kwa senge Rispa, dada yake baba, mwanzoni mwa mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja. Senge alikuwa mjane, na watoto wake walikuwa wameshatawanyika kutafuta maisha. Nyumba yake ilikuwa karibu na Kibabii, mwendo wa saa nzima kwa miguu hadi mjini Bungoma, na chumba alichonipa kilikuwa na nyufa zilizopitisha upepo. Basi kabla sijafika alichemsha gundi, akabandika magazeti ukutani. Magazeti yalipomwishia akabandika picha kubwa aliyopewa katika duka la dawa la Mhindi alikokuwa akifanya usafi. Mwenye duka alikuwa akibadilisha picha zake za ukutani, na ile ya zamani angeitupa.

Picha yenyewe ilikuwa ya mtu asiye na ngozi. Alisimama wima, viganja vimetazama mbele, na mwili wake wote ulikuwa nyama nyekundu iliyopangwa vipande vipande na kushikizwa kwa kano nyeupe. Kutoka kila kipande kilitoka kistari chembamba, na mwisho wa kila kistari palikuwa na nambari, moja hadi ishirini na nne. Majina ya misuli hiyo yalikuwa yameandikwa chini kabisa ya karatasi. Lakini karatasi ilikuwa ndefu kuliko ukuta, kwa hiyo senge alikata kipande cha chini kwa wembe, akakiwashia moto. Kitanda changu kilitazamana na mtu huyo. Siku za kwanza nilimwogopa, nikawa nalala nimemgeuzia kisogo. Wiki ya pili nilianza kumsalimia. Nikitoka shule naweka vitabu chini, namwambia nimefika, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuambiwa. Senge aliondoka alfajiri na kurudi jua likiwa limeshazama.

Nilipelekwa kwa senge kwa sababu ya mkono wa baba. Baba alikuwa mpakiaji wa magunia katika ghala za mahindi mjini Kitale, na sisi tulikaa Kipsongo, watoto watatu, mimi nikiwa wa kwanza. Siku moja gunia la kilo tisini lilimponyoka aliyekuwa juu ya lori, likamwangukia baba begani. Bega lilitoka mahali pake. Rafiki zake wakalirudisha palepale kwa kumvuta, kila mmoja akisema anajua, na baba akarudi nyumbani akicheka. Lakini tangu siku hiyo mkono wa kulia ulikataa kupanda. Aliweza kushika kikombe, ila hakuweza kukinyanyua mpaka mdomoni. Mama alianza kufua nguo za watu, chakula kikapungua, na ikaamuliwa kwamba mdomo mmoja upelekwe Bungoma. Mama alinifungia nguo zangu kwenye mfuko wa sukari, akaniambia ni mpaka mkono wa baba urudi. Mimi nililichukua neno hilo kama mtoto anavyochukua neno la mama yake. Nikawa naungoja mkono kama mtu angojaye mgeni, nikiwaza kwamba labda uko njiani.

Shuleni hawakuniita Nekesa. Waliniita Kipsongo, kana kwamba nilikuja na mtaa mzima kichwani. Kilugha changu kilikuwa cha kubahatisha, na nikikosea waliniiga. Kulikuwa na msichana mmoja aliyependa kuniuliza, "Sasa Kipsongo, baba yako ameshapata mkono mwingine sokoni?" Wengine wanaangua kicheko. Na mimi nilicheka nao, maana nilikuwa mtoto wa kucheka, na kicheko kilikuwa ndicho kitu pekee tulichowahi kufanya pamoja. Kisha narudi nyumbani peke yangu katikati ya mashamba ya miwa, nikijihadithia kwamba nitakuwa daktari mwenye koti jeupe, na kwamba wao watapanga foleni nje na mimi nitawahudumia vizuri tu, bila kuwakumbusha kitu.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Mtu wa ukutani alikuwa na misuli yote, na mmoja kati ya hiyo ndio uliokuwa umemharibikia baba. Nikiujua ni upi, nitamwandikia, naye atamwambia daktari, na daktari hatabahatisha kama wale rafiki zake. Niliona kama jambo la wiki moja. Kwa kuwa majina hayakuwepo, niliamua kuitafuta misuli kwenye mwili wangu mwenyewe, kazi moja baada ya nyingine. Nikipanda kutoka kisimani na mtungi kichwani, nilihisi shingo ikikakamaa pande zote mbili, nikifika nyumbani naiangalia pichani: nambari tatu. Nikitafuna mahindi makavu naweka vidole mashavuni, taya linaruka chini ya vidole: nambari mbili. Nikichutama kupalilia mboga, mapaja yanawaka mbele: kumi na nane. Nikisimama kwa ncha za vidole kuchungulia kama senge anarudi, shavu la mguu linajikunja kama ngumi: ishirini na mbili. Tumbo lilikuwa na vipande kama matofali, na huo niliujua kwa kulia, kwa sababu nikilia kimya ndio uliotikisika. Nambari saba ilinichukua muda. Niliipata siku niliponyoosha mkono kando nikiwa nimeshika kidumu cha lita tano, nikajaribu kukiinua hadi usawa wa sikio. Juu kabisa ya mkono, pale bega linapofanya mviringo, kitu kilikuwa kigumu kama nduma iliyoiva nusu. Nikaruka kitandani, nikaweka kidole pichani. Saba. Huo ndio msuli uliokuwa umemkataa baba.

Lakini nilikuwa na nambari tu, na nambari haitoshi kumwambia daktari. Nilitaka jina. Likizo ya Aprili mzee mmoja jirani alifariki, na senge akanichukua matangani nikasaidie kuosha vyombo. Walichinja fahali. Aliyegawa nyama alikuwa mzee Wafula, mtu mfupi aliyejua kugawa kuliko yeyote kijijini pale. Nilijibanza karibu na majani ya migomba walipotandika nyama, nikatazama kwa macho yote mawili, kwani sikuwahi kuona mwili ukifunguliwa namna ile kipande kwa kipande. Kila alichokata alikitaja, na pamoja nacho alimtaja mwenyewe: kidari ni cha mabinti wa boma, paja hili la wakwe, mgongo wa waliochimba kaburi. Kijana mmoja akauliza kama yeye atakula pembe. Mzee hakuinua hata uso. "Wewe umechanga nini, si makelele tu? Hayo yatakushibisha." Watu wakacheka. Kisha akashika mguu wa mbele pamoja na bega lake, akaupiga kofi kama mtu anayeaga rafiki. "Hili ni la wajomba. Na lisipowafikia, bana, kuna siku utaulizwa."

Nilirudi nyumbani nimejawa na furaha, nikachukua penseli. Kwa akili yangu nilikuwa nimepata orodha yote iliyochomwa. Niliamini kwamba jina la msuli ni jina la mwenyewe, na kwamba mwili wa mtu nao umegawiwa hivyohivyo, kila kipande kina jamaa yake. Jioni hiyo niliandika ukutani kando ya kila nambari. Kifuani nikaandika senge. Pajani, kwa kuwa sikuwa na wakwe, nikaandika baba mkubwa. Mgongo wa mtu wa ukutani haukuonekana, nikawaandika wenyewe, waliochimba kaburi, kando ya mbavu. Mikono, kuanzia viwiko, nikawapa ndugu zangu wawili, mmoja kulia na mwingine kushoto. Mama nilimpa shingo, kwa sababu ya mizigo. Na kando ya saba nikaandika mjomba. Halafu nikachana karatasi ya daftari na kumwandikia baba barua fupi, nikampa mama mmoja aliyekuwa akipeleka vitunguu soko la Kitale. Ninaikumbuka yote: Baba, nimeupata ulioumia. Ni nambari saba, fungu la mjomba. Mwambie daktari.

Kilichotokea Kitale nilisimuliwa baadaye. Baba alisomewa barua na mdogo wangu, maana kusoma kwake kulikuwa kwa taabu, akakwama pale penye neno mjomba. Hakusikia habari za daktari wala nambari. Miaka mingi nyuma, alipomzika mama yake, alichinja fahali, na katika msongamano wa waombolezaji bega la wajomba likaliwa na watu wasiojulikana. Mjomba wake wa Bokoli aliondoka bila fungu lake. Baba hakuwahi kulitaja jambo hilo kwa mtu, hata kwa mama, na hapo sasa mtoto wake mwenyewe, aliyekuwa hajazaliwa wakati huo, anamwandikia kutoka Bungoma kwamba bega lake limekufa kwa ajili ya fungu la mjomba. Aliikunja barua. Kesho yake akamfungua mbuzi wetu wa pekee, akamshika kamba kwa mkono wa kushoto, akaenda Bokoli kutafuta mkono wa kulia.

Mjomba alimpokea akiwa haelewi lolote. Alipoelezwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtoto wa dada yangu, mimi lile bega nililisahau siku ileile. Hata ningelipewa, ningelitafuna na nini? Meno yalishaenda." Lakini mbuzi alikuwa ameshafika, wakamchinja, wakala wote, na bega likachemshwa mpaka likalainika, mjomba akalimaliza. Baada ya kula ndipo alipomwambia baba avue shati. Alipoliona bega, akaacha kucheka. Siku iliyofuata alimpeleka hospitali.

Baba alikuja kwa senge Juni, siku ya mvua, mimi nikiwa peke yangu nyumbani. Nilisikia mtu akikung'uta matope mlangoni, nikadhani ni jirani. Nilipomwona nilisahau salamu. Alikuwa mwembamba, amevaa koti ambalo lilikuwa la mjomba. Niliusogelea upande wa kulia nikautazama mkono, na baba aliona ninakotazama. Aliketi kitandani kwangu, akauliza bila ukali, "Nekesa, nani alikwambia habari za bega la mjomba? Ni senge?"

Nilitikisa kichwa, nikamwonyesha ukuta. Nilimweleza yote: nambari, kisima, kidumu, mzee Wafula na kisu chake. Nilivyoendelea kueleza ndivyo nilivyoona uso wake ukibadilika, na mimi nikaanza kuelewa nilichokuwa nimefanya, nikafikiria mbuzi wetu. Nilitaka kulia. Badala ya kunikaripia aliniambia nimwonyeshe hiyo saba. Nilipanda kitandani, nikaigusa pichani, kisha nikashuka na kumgusa yeye, nikapitisha mkono chini ya koti. Kwa miezi mitano nilikuwa nimeishika misuli yangu kila siku, vidole vyangu vilikuwa vimeshajua kila mmoja unavyopaswa kuwa. Pale begani kwa baba hapakuwa na mviringo. Mkono wangu ulishuka ghafla kama unaposhuka ngazi isiyokuwepo, ukagota kwenye mfupa. Nilimwambia ajaribu kuinua. Alijaribu, nikaona mishipa ya shingo ikimsimama, lakini chini ya kiganja changu hakuna kilichotikisika. Nilijua hapohapo, kabla hajafungua mdomo. Nilitoa mkono wangu taratibu, nikamfunga kifungo cha koti.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Baba alimtazama mtu wa ukutani, akasoma mwandiko wangu mmoja mmoja, midomo ikitembea: senge, baba mkubwa, mama, ndugu zangu. Alisoma kutoka juu hadi miguuni, akarudia tena.

"Na wewe, fungu lako liko wapi?"

Nambari ishirini na nne zilikuwa zimeisha, na mimi sikujipa hata moja. Sikuwa nimeliona hilo mpaka alipouliza.

"Zilijaa," nikamwambia.

Aliinuka, akautoa ule mfuko wa sukari chini ya kitanda. Kwa mkono wa kushoto alianza kuingiza nguo zangu, vibaya, bila kukunja. "Mkono hautarudi," alisema. "Daktari ameniambia. Lakini wewe utarudi. Tutakula kilichopo."

Tulimngoja senge, tukaondoka asubuhi yake. Kilichokuwepo Kipsongo kilikuwa kidogo kweli, sitadanganya. Shule niliifikisha darasa la nane, na lile koti jeupe la udaktari nilimwachia mwingine. Leo mimi ni fundi wa nguo mjini Kitale, cherehani yangu iko kwenye veranda ya duka la vitambaa, na Januari ikifika wazazi hunipangia foleni kwa ajili ya sare za shule. Binti yangu ana miaka kumi. Juzi alipewa kazi ya kutaja misuli mikuu ya mwili, akaichukua simu yangu, na kabla maji ya chai hayajachemka alikuwa ameshaipata yote, na rangi zake, na kimtu kinachozunguka. Alinisomea kwamba ule wa begani unaitwa deltoidi. Nilifurahi kulijua jina baada ya miaka yote hiyo, nikamwambia alirudie, akalirudia huku ameniegemea. Sikumwonea wivu kwa simu. Nilimwonea wivu kidogo kwa kuniegemea.

Baba sasa anachoma mahindi karibu na stendi, anayageuza kwa mkono wa kushoto, na wateja wake wengi hawajui kama ana shida yoyote. Mashati yake nashona mimi. Simpimi, kwa sababu kipimo kiko vidoleni. Bega la kulia nalikata inchi moja fupi kuliko la kushoto, na ndani nashikiza kitambaa laini ili lisimame. Yeye huvaa, akajitazama kwenye kioo cha jirani, akaniambia kwamba fundi wa zamani hakujua kazi, maana shati hili limekaa sawasawa.