Wigi Linaanzia Kisogoni

Usiku ule nililala na gundi vidoleni. Sikunawa. Ndoo ya maji ilikuwa ukumbini, na kwenda ukumbini ni kupita mlangoni kwa wifi yangu. Nilijijua. Ningepita pale ningegonga, na nikigonga, nyumba nzima ingeamka.

Kisa chenyewe ni kichwa cha mwanangu. Siku tatu nyuma nilimwacha Nasra, ana miaka sita, kwa huyo wifi, dada wa mume wangu tunayekaa naye nyumba moja. Nilikwenda sokoni tu. Narudi, nakuta mtoto amenyolewa kwa wembe, kichwa kinang'aa kama yai, na nywele zake zimefagiwa pamoja na maganda ya vitunguu mpaka jalalani. Nywele nilizozitunza tangu aliponyolewa zile za uchanga.

"Nimekupunguzia kazi, wifi," akasema, anakung'uta ufagio. "Kila akichanwa anapiga kelele kama anachinjwa. Nywele zitaota, unaninunia nini?"

Nasra akajifunga kanga kichwani, akagoma kutoka chumbani. Shule hataki, nje hataki, hata uji ananywea kitandani. Ana mdoli wake, Tatu, tuliyemtoa kwenye mitumba akiwa na upara, na vitundu vitundu kichwani palipong'oka nywele. Akaniambia, "Mama, mwekee Tatu nywele zangu. Nikiziona kwake nitatoka."

Nikamwambia sawa. Mjinga mimi. Nikaenda jalalani nikazichambua kwenye maganda, nikazifua, nikazianika kwenye ungo. Siku mbili nazibandika kwa gundi, naanzia utosini nashuka. Zinashika kidogo, zinapukutika. Tatu akawa kama mtu mwenye mapunye. Jioni ile Nasra alimtazama, akamgeuzia uso ukutani, kisha akajifunika gubigubi. Hakulia. Afadhali angelia.

Basi ndivyo nilivyolala, nimekunja ngumi.

Nikamwona Bibi. Bibi mzaa mama, aliyefariki nikiwa kidato cha nne. Maisha yake yote alishona makuti ya kuezekea nyumba za watu. Alikuwa amekaa uani kwake, miguu ameinyoosha, fito imelala juu ya mapaja yake, na ni mchana mweupe. Mimi nimevaa sketi ya shule, na mgongoni nina mtoto. Sijui mtoto gani, ila uzito wake naujua. Kuku wanapita wakidonoa, wala hawatoi sauti.

Nikakumbuka tunavyoambiwa siku zote, kwamba marehemu akikupa chakula ndotoni usile. Nikasimama mbali.

"Shikamoo, Bibi. Mimi nimeshiba."

Akacheka, na pengo lake ni lile lile. "Nani kakupikia? Kaa chini, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, utani wa bibi na mjukuu. "Hebu nimwone huyo mgonjwa."

Natazama, kumbe Tatu yuko mkononi mwangu. Bibi anamgeuza geuza, anapitisha kidole kwenye gundi, ananusa, anasonya.

"Umesomeshwa mpaka kidato cha nne, kichwa cha mdoli kinakushinda. Umeanzia utosini! Wewe umeona wapi nyumba inaezekwa kuanzia juu?"

Nakaa. Anachukua jani la mnazi, analikunja juu ya fito, anapitisha kamba nyembamba, anaivuta kwa meno. Jani la pili analibananisha na la kwanza. La tatu. Ananipa na mimi langu, na ninapolikunja linalegea mkononi, linakuwa jeusi, ni uzi ule wa kusukia nywele, umekatwa urefu wa kidole. Fito nayo imekuwa uzi. Umefungwa kwenye kidole gumba cha mguu wa Bibi, ukanyooka mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wangu. Tumeelekezana nyayo, uzi umekaza kati yetu kama kamba ya kuanikia nguo, na sisi tunauning'inizia nywele: kunja, pitisha, vuta, sukuma kwa ukucha. Kunja, pitisha, vuta.

"Sogeeni, sogeeni," Bibi anaziambia nyuzi, kama anaongea na watu mkekani.

Siku nyingi sikuwa nimetulia namna ile. Nasikia nyuzi zikisugua kucha zetu. Mtoto mgongoni anapumua kwenye shingo yangu.

Safu ikajaa, na mara tuko juu ya paa. Paa lenyewe ni la mviringo, laini, nikilikanyaga linabonyea. Nalitazama vizuri: ni ncha ya soksi ya mume wangu, imevishwa kichwani mwa Tatu, na sisi tumepiga magoti chini kabisa, kisogoni. Bibi anashona safu ya kwanza pale. Ya pili anaiweka juu yake kidogo, nywele zake zikaanguka zikafunika mshono wa chini, usiuone tena. Ndipo nikaelewa nilivyokuwa nakosea. Tukawa tunapanda hivyo, safu kwa safu, kuelekea utosini, na nyuma yetu kunashuka nywele nyeusi, nyingi, upepo ukizipuliza zinarudi mahali pake.

Kutoka kule juu nikaiona nyumba yetu. Wifi yuko uani, mdogo kama punje ya kunde, anafagia. Hasira ikanipanda upya. Sindano ikanitoboa kidole.

"Bibi, na yule nimfanye nini?"

Akakaza fundo kwanza.

"Kamseme. Mtoto ni wako. Lakini unatetemeka, na ukitetemeka mshono unalegea. Maliza kwanza."

Halafu akafungua pindo la kanga yake, akatoa kifungu cha nywele. Nikazijua kabla hajakifumbua kiganja. Zilikuwa za Nasra, zile zile nilizozifua.

"Hizi kazizike," akasema. Utani ulikuwa umemtoka. "Usimpe mdoli. Kichwa cha mtoto kina mizizi. Huyu hana, ndiyo maana anashonewa."

Ukiyatazama, ni maneno yale yale aliyonirushia wifi na ufagio mkononi, kwamba zitaota. Kwa wifi nilitaka kumzaba kofi. Kwa Bibi yakaniingia, maana yeye nywele alikuwa amezishika kwa mikono miwili.

Akakata uzi kwa meno. Akanipapasa shavu kwa mkono uliojaa sugu za kamba, na mkono ulikuwa wa moto.

"Rudi. Mwanao ameamka."

Nikafumbua macho. Kulikuwa kumepambazuka. Nilikuwa nimekaa kitako kitandani, nimeshika upindo wa shuka, nimeukunja mikunjo midogo midogo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mume wangu anakoroma. Nasra amekaa miguuni kwetu, kanga kichwani, ananitazama.

"Mama, unashona nini?"

"Wigi la Tatu."

"Kwa nywele zangu?"

"Hapana. Kwa uzi mweusi. Zako tunazizika leo, mimi na wewe. Bibi yangu amekuja kuniambia."

Mdomo ukaanza kumcheza. "Sasa mimi nitakuwa na nini?"

Nikataka kusema zitaota. Nikajizuia. Nilichukua mkono wake, nikaupitisha chini ya kanga mpaka kisogoni, nikausukuma taratibu kwenda juu, kinyume na zinavyolala. Akaganda. Nikamwachia. Akarudia mwenyewe, mara moja, mara ya pili.

"Mama, zinachoma!"

"Ndizo hizo."

"Zimetoka lini?"

"Ulipokuwa umelala."

Akaivua kanga, akaitupa mgongoni kwa baba yake, akajipapasa kichwa kizima kwa mikono miwili, akitafuta panapochoma zaidi. Palikuwa nyuma ya sikio. Akanilazimisha na mimi niguse.

Wifi nitamsema, tena leo leo, nikishakunywa chai. Ila nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu.

"Tunazizikia wapi?" Nasra akauliza.

"Nje, nyuma ya jiko. Tukirudi tunamshonea Tatu, tunaanzia kisogoni."

Alikuwa ameshashuka kitandani, ameinama, anapapasa uvunguni akitafuta ndala zake.