Watu Arobaini Wanaoitwa Ghala

Jina la Mama Seva dada yangu alipewa na wapakiaji wa kampuni yao ya kusambaza dawa. Miaka kumi na minne ameitunza seva, ile kompyuta kuu ya kampuni, kama mtu anayeuguza mgonjwa. Kila sanduku linaloingia au kutoka limeandikwa humo.

Mwezi ule leseni ya programu inayohifadhi kumbukumbu hizo ilikuwa inaisha. Njia zilikuwa mbili: kulipia kila anayeitumia, au kulipia nguvu ya mashine, hata watumiaji wawe wangapi. Dada alitaka ya pili. Alimwandikia meneja barua tatu kuomba hivyo, asijibiwe hata moja. Meneja alifungua tu orodha ya majina, akahesabu.

"Kumi na wawili, Mama Seva. Tunalipia vichwa. Tia sahihi hapa tumalize."

"Bosi, hilo la mwisho ni Ghala. Ghala si mtu."

"Ni nani basi?"

"Watu arobaini na kitu, kwa zamu. Mkataba unahesabu watu."

Kosa lilikuwa la dada mwenyewe, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Zamani wapakiaji walisahau nywila kila Jumatatu, wakapanga foleni mlangoni pake. Akachoka. Akawapa jina moja na nywila moja, wakaiandika ukutani kwa chaki. Sasa karatasi ilidai sahihi yake chini ya neno "nathibitisha". Wakaguzi wa leseni wakija, atakayefukuzwa ni yeye.

"Nani atajua?" meneja akacheka.

"Sahihi ni yangu, bosi."

Siku hiyo nilimpelekea miwani aliyoisahau nyumbani. Nikamkuta kati ya rafu, daftari mkononi, akihesabu watu kwa kidole.

"Mama Seva, unatuhesabu kama mbuzi?" mpakiaji mmoja akamtania.

"Wewe nakuhesabu mara mbili. Mdomo wako una kichwa chake."

Zamu zote mbili, arobaini na watatu. Akaongeza kumi na mmoja wa ofisini, akakata ile kumi na mbili kwenye karatasi ya leseni, akaandika hamsini na nne, akasaini. Nikamfuata hadi juu, ofisini kwa meneja.

Meneja alibonyeza kikokotoo, akarudia.

"Lo! Kwa idadi hii si afadhali tulipie mashine? Mbona hukusema mapema, mama?"

Dada alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo lilivyohitaji. Kisha akarudi mezani kwake, akatoa kwenye droo nakala ya barua ya kwanza, akabadilisha tarehe.