Kanuni ya Makazi Niliyoiomba Mwenyewe

Mimi huandika polepole. Shule niliishia darasa la saba, na hata siku zile mwalimu alikuwa anafuta ubao kabla sijafika nusu. Lakini ninachokiandika huwa nimeshakifikiria, kwa hiyo sifuti sana. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba ile kanuni ya makazi katika mashindano yetu ya gemu niliiomba mimi, kwa barua iliyonichukua siku tatu, na sijutii hata neno moja la barua ile.

Gemu yenyewe ni ya simu. Vikosi viwili vya watu wannewanne hukutana mtandaoni. Kila kikosi kina ngome yake, na kinachobomoa ngome ya mwenzake ndicho kinachoshinda raundi. Mechi moja ni raundi tatu. Mashindano huandaliwa na vijana wa Arusha, na kila wilaya hutoa kikosi kimoja kwenda fainali ya mkoa.

Mwaka wa kwanza tulitolewa na kikosi kilichojiandikisha kama cha Karatu. Wachezaji wake wote wanne walikuwa wanakaa Arusha mjini. Waliona kule kwao vikosi ni vingi na huku kwetu ni vichache, wakachagua Karatu kwenye fomu kama mtu anavyochagua foleni fupi. Simu zao zilikuwa mpya na mtandao wao haugandi. Sisi tulikuwa tumekaa juu ya magunia mbele ya ghala la mahindi katika kata yetu ya Buger, wilayani Karatu, ambapo mtandao unashika vizuri kidogo, na kila upepo ukivuma picha inasimama. Walitumaliza mapema. Baadaye mmoja wao akatuuliza kwenye kundi la meseji: "Kwani Karatu iko upande gani, ni kabla ya Ngorongoro au baada?"

Ndipo nikaandika. Nikaomba kwamba mchezaji awe amekaa katika wilaya anayoichezea kwa miezi sita, na akitiliwa shaka alete barua ya kiongozi wa mahali anapokaa. Msimamizi wa mashindano, mwanamke ambaye wote tunamwita Madam, aliikubali. Mwaka uliofuata kanuni ikawa kwenye fomu, karibu kwa maneno yangu.

Kikosi chetu kilikuwa hivi. Kapteni huosha magari ya watalii Karatu mjini, anaongea sana na anacheza vizuri. Binamu yangu hushambulia pamoja naye. Mimi hutazama njia zote na kuwaandikia wenzangu adui anakotokea. Sisemi kwenye kipaza sauti, naandika neno mojamoja: kulia, nyuma, wawili. Kwa maneno mafupi namna hiyo mimi si mzito hata kidogo. Na wa nne, anayelinda ngome, alikuwa mlinzi wa lile ghala la mahindi. Kwao ni Sale, wilaya ya Ngorongoro, katika watu wa ng'ombe. Alikuja Buger kufanya kazi ya ulinzi, na wakati ninaousimulia alikuwa amekaa nasi mwaka na zaidi. Ngome akiilinda yeye, wengine huchoka kuishambulia. Haondoki. Adui akimchokoza atoke, hatoki. Mchezaji mwingine angekimbilia sifa. Yeye anakaa na lango lake mpaka jua lizame.

Mwaka huo wa pili tuliwafunga Daa, kikosi cha kata nyingine ya Karatu, raundi mbili kwa bila. Ilikuwa Jumamosi mchana, na kapteni alicheza ngoma juu ya magunia mpaka likapasuka moja. Ilibaki mechi moja tu tuwe kikosi cha wilaya.

Jumatatu kapteni wa Daa aliweka ujumbe kwenye kundi. Alikuwa amepitia orodha ya wachezaji, mtu mmoja mmoja. Akaandika: "Madam, shikamoo. Naomba usome makazi ya mchezaji wa nne wa Buger. Kanuni walileta wao wenyewe."

Nilifungua orodha. Mimi: Buger. Binamu: Buger. Kapteni: Karatu. Wa nne: wilaya Ngorongoro, kata ya Sale.

Kila mtu alikuwa amejaza fomu yake kwenye simu yake, na hakuna aliyekagua ya mwenzake. Mimi niliyeiomba kanuni nilikuwa wa kwanza kupaswa kukagua. Madam akajibu kwamba tuna mpaka Ijumaa saa sita mchana. Bila maelezo ya kutosha mchezaji huyo anatolewa kwenye mashindano, na ushindi unakwenda Daa.

Jioni ile kapteni alikuja kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye benchi lake la ghalani, fimbo mapajani.

"Kaka, ulijaza nini wewe?"

"Nilijaza ninapokaa."

"Unakaa Sale? Sasa hapa ni nani aliyekaa, mzimu wako?"

"Ng'ombe wangu wako Sale," alisema mlinzi, taratibu kabisa. "Mtu anakaa walipo ng'ombe wake. Hapa niko kazini."

"Mwaka mzima uko kazini?"

"Hata mitano. Kazi ni kazi."

Kapteni alinitazama mimi kama vile ndiye niliyemfundisha mlinzi kujibu hivyo. Kisha akatoa mpango wake. Mlinzi aseme kwamba kidole kiliteleza, kwamba yeye ni mtu wa Buger, na mambo yaishe.

"Siwezi," alisema mlinzi.

"Ni maneno matatu tu!"

"Nikisema mimi si wa Sale, yeyo atasikia."

Yeyo ni mama kwa lugha ya kwao. Kapteni akashika kichwa. "Atasikiaje? Yeyo hana hata simu ya kitochi!"

"Kaka, wewe huwajui watu wa Sale. Ng'ombe akikohoa Loliondo, wao wanamwambia pole."

Binamu yangu alicheka, na mimi nikacheka, lakini mlinzi hakucheka. Alisema kama kanuni inamtaka aikane nyumba ya mama yake, basi sisi tutafute mlinzi mwingine wa ngome. Hakuwa na hasira. Aliinuka akaenda kukagua kufuli za ghala, ingawa alikuwa ameshazikagua.

Usiku wote nilikuwa na jambo moja kichwani. Kanuni ilikuwa nzuri, hilo sikulitilia shaka. Niliitaka iwazuie watu wanaoazima jina la mahali. Sasa ilikuwa imemnasa mtu ambaye hakuazima kitu. Swali la fomu tuliliona ni moja, kumbe lilikuwa mawili: unatoka wapi, na unalala wapi. Yeye alijibu lile la kwanza kwa heshima zote, wakati Madam alikuwa anauliza la pili.

Kesho yake nilimwambia twende kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ni mama mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Tulimkuta anapepeta maharage. Nikamsalimia, "Shikamoo mama," kisha maneno yakaniishia, kama kawaida yangu. Nikampa simu asome ile fomu mwenyewe. Alisoma, akamtazama mlinzi juu mpaka chini.

"Wewe kwenu wapi?"

"Sale, mama."

"Unakaa wapi?"

"Sale."

"Haya. Jana ulilala wapi?"

"Ghalani."

"Juzi?"

"Ghalani, mama. Kila siku ghalani."

Mwenyekiti aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na daftari la msaragambo. Kwetu kila kaya hutoa mtu siku ya kazi ya pamoja, awe wa kuchimba mtaro wa maji au wa kuziba barabara iliyokatwa na mvua, na anayetokea huandikwa. Alifungua kurasa akimwonyesha kwa kidole chenye vumbi la maharage.

"Huyu hapa ni nani? Na hapa? Mtaro wa bomba, siku nne. Barabara ya shule, siku mbili. Mwanangu, wenye mashamba hapa wanajificha nikipiga filimbi, na wewe unakuja na jembe la kuazima. Kama wewe si mkazi, basi mimi ni mwenyekiti wa kunguru."

"Nilidhani ni lazima," alisema mlinzi.

"Ni lazima! Kwa wakazi!"

Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mwenyekiti akaandika barua yake: kwamba huyu ni mtoto wa Sale, analala na kufanya kazi katika kitongoji hiki kwa zaidi ya mwaka, na anakwenda msaragambo. Mlinzi aliomba asomewe mara mbili. Aliposikia kwamba Sale imetajwa mwanzo kabisa, akasema ni barua ya kweli.

Ijumaa Madam alitupigia simu ya pamoja, Buger na Daa, wote tukisikilizana. Tulikaa mbele ya ghala tukiizunguka simu moja. Picha ya barua ilikuwa imeshatumwa. Kapteni wa Daa akasema barua siyo fomu, na kwamba mwaka jana sisi ndio tuliolia kuliko wote.

"Na tulikuwa sawa kulia," alisema kapteni wetu.

"Basi na mimi niko sawa, kaka! Au kanuni ni za wengine?"

Madam akauliza, "Aliyeomba kanuni hii yupo? Ningependa kumsikia yeye."

Wote waligeuka. Nikasema, "Naandika," na hilo lilitoka vizuri. Nikachukua simu yangu, nikaanza.

Ilichukua muda. Kapteni wa Daa alisikika akipumua. "Dada anaandika katiba mpya?" Watu wake wakacheka. Madam akasema, "Tumwache aandike." Na mimi sikuharakisha. Nilijua nataka kusema nini, na nilijua kuna sehemu ambayo kapteni wetu hataipenda.

Niliandika hivi: "Niliomba kanuni kwa sababu ya watu waliotumia jina la Karatu bila kulala Karatu hata siku moja. Huyu analala Karatu na hakutumia jina la Karatu. Anayetaka kudanganya haandiki jambo litakalomtoa. Abaki. Lakini fomu ilikosewa, na mimi sikukagua. Daa walicheza na kikosi ambacho karatasi yake haikuwa sawa, na wana haki ya kulalamika. Naomba ushindi wetu ufutwe, fomu irekebishwe, na mechi irudiwe."

Madam alisoma kwa sauti. Alipofika kwenye kufutwa, kapteni alinishika bega.

"Dada! Mbona unatuuza?"

"Tulishawafunga mara moja," nilisema, na sauti yangu ilitoka yote. "Tutawafunga tena."

Kapteni wa Daa akasema, polepole kuliko mwanzo, "Sisi hatuna tatizo na hilo." Madam akakubali. Marudio yakawekwa Jumapili saa nane, baada ya watu kutoka kanisani. Fomu ya mlinzi ilifunguliwa upya ili yeye mwenyewe aijaze. Alikaa nayo muda mrefu, karibu kama mimi. Penye kata aliandika Buger. Penye maelezo mengine, ambapo hakuna mtu huwa anaandika kitu, aliandika kwamba kwao ni Sale na mama yake yupo.

Jumapili kapteni alikuja bado amenuna, na raundi ya kwanza tulipoteza kwa sababu yake. Alikimbia mbele peke yake kama mtu aliyekasirikia nchi nzima. Kapteni wa Daa akaandika kwenye kundi: "Dada, andika na barua ya rambirambi." Binamu yangu alimwambia kapteni wetu maneno mawili ambayo siyaandiki hapa. Raundi ya pili alicheza kama tunavyomjua, tukashinda.

Raundi ya tatu ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kucheza. Daa waliamua kumtoa mlinzi langoni. Walimtuma mmoja acheze karibu naye, wakamtupia mishale ya kumkera, wakamwandikia, "Toka mchungaji, ng'ombe wamepotea!" Yeye aliisoma, akatabasamu, akabaki. Mimi niliona wawili wao wakizunguka kwa nyuma kupitia mtoni. Niliandika: mtoni, wawili. Aligeuka kwa wakati. Aliwazuia wote wawili peke yake, na wakati huo kapteni na binamu wakaikuta ngome ya Daa haina mtu.

Ilipobomoka hatukupiga kelele mara moja. Tulingoja simu ituambie. Ilipotuambia, kapteni aliniinua juu pamoja na simu yangu, nami ni mtu nisiyependa kuguswa, lakini siku ile nilimwacha. Kapteni wa Daa aliandika, "Haya, mkazi, hongera. Mkifika Arusha, mtufikishie salamu." Nadhani alimaanisha. Baadaye alinipigia kuuliza jinsi ya kukagua fomu za kikosi kizima, nikamwandikia.

Jioni mlinzi alimpigia kaka yake aliyeko Sale, na kaka akampa mama simu. Alisimama pale penye mtandao na kuongea Kimaasai kwa muda mrefu, mkono mmoja ukionyesha huku na huku kana kwamba mama anauona mteremko, ghala na sisi. Nilisikia jina la Buger mara mbili au tatu, amelitamka kwa sauti ya kawaida kabisa. Alipokata nikamuuliza mama amesema nini kuhusu hayo yote.

"Ameuliza kama huku majani ya ng'ombe yapo," alisema. "Nimemwambia yapo."