Binti Yangu kwa Mwalimu wa Fimbo

Wajerumani walipokuwa wakijenga boma lao Arusha, wanaume wengi wa upande wetu walichukuliwa kwenda kubeba mawe. Mimi niliachwa kwa sababu nilikuwa nimeteleza korongoni nikavunjika mguu. Watoto wa kiume sikujaliwa. Kazi ya kuchunga ikamwangukia binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa bado hajafika begani kwangu.

Jioni alikuwa akirudi na mbuzi wenye kiu. Malayoni, yaani wavulana ambao hawajaingia jandoni, walikuwa wameshika mahali pazuri pa kunyweshea mtoni Themi, na yeye walimsukumia chini kwenye matope. Siku moja alirudi mdomo umepasuka. Hakulia. Alifunga mbuzi, akaja kusimama mbele yangu.

“Baba, nataka kujifunza fimbo.”

Nilitaka kumwambia kwamba hilo si jambo la wasichana. Nikautazama ule mdomo, nikamwita mama yake tushauriane.

Kule Kimandolu aliishi mzee mmoja aliyepigana vita vingi kabla ya Wajerumani kuja. Jicho lake moja lilikuwa limepofuka. Asubuhi aliwafundisha wavulana fimbo na ngao kwenye kiwanja kilichozungukwa na migomba, mbali na macho ya askari wa boma. Tulikwenda kwake watu watatu, mimi nikiegemea mkongojo, mke wangu na mtoto, tukiwa na kibuyu cha asali.

Binti yangu aliinamisha kichwa kumwamkia, mzee akakigusa kwa kiganja. Kisha akachungulia nyuma yetu.

“Mwanafunzi yuko wapi?”

“Umemgusa kichwa sasa hivi,” mke wangu akasema.

Mzee akacheka. “Mama yangu, hapa wanakuja wavulana.”

“Fisi akiingia zizini, atauliza kwanza kama mchungaji ni mvulana?”

Kicheko kikamwisha mzee. Alimpa mtoto fimbo, akachukua yake, akamwambia, “Nizuie.” Pigo la kwanza lilimpata mkononi, fimbo ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka tena, akaiokota. Wavulana waliokuwa pembeni walicheka mpaka wakachoka, na yeye bado alikuwa akiinama na kuinuka, mkono umevimba, macho makavu. Nilipiga hatua nimwondoe, mke wangu akanishika nguo.

Mwishowe mzee ndiye aliyeketi, akihema. “Mleteni kesho,” alisema. “Njooni kabla umande haujakauka.”

Siku nyingi hakupewa fimbo kabisa. Alikimbia mlimani akiwa na jiwe kichwani, akakwepa vipande vya mgomba alivyorushiwa na wenzake. Nyumbani mama yake alimkanda mabega kwa samli. Nilimwuliza anafundishwa nini hasa.

“Nisiangalie mkono wa mtu,” alisema. “Mkono unadanganya. Niangalie kiuno. Ni kama beberu, Baba. Kabla hajakupiga pembe, kiuno chake kinageuka kwanza.”

Hapo nilijua kwamba hatupotezi asubuhi zetu.

Masika ilipokwisha, mzee aliwaita wazazi waje kutazama. Binti yangu alipangwa na yule layoni mrefu aliyeongoza wenzake kule mtoni, mtoto wa jirani yetu. Baba yake alinitazama kwa huruma.

Mvulana alikuja kwa nguvu, fimbo ikivuma. Mtoto wangu alirudi nyuma, akarudi tena, hadi visigino vyake vikagusa migomba. Watu wakaanza kuguna. Kisha kiuno cha mvulana kikageuka, safari hii nami nilikiona, na kabla pigo halijashuka binti yangu alikuwa amekwisha kuingia chini ya mkono wake. Fimbo ya mvulana ikaruka hewani, ikaangukia kwenye majani.

“Ameteleza!” baba yake akapaza sauti.

“Basi warudie,” mzee akasema.

Wakarudia. Safari hii binti yangu hakurudi nyuma hata kidogo. Alipokea pigo, akazungusha fimbo yake, akaipiga ile nyingine karibu na vidole, nayo ikatoka tena mkononi mwa mvulana mbele ya sisi sote. Mama yake akapiga kigelegele hadi ndege wakaruka kutoka migombani. Wanawake waliokuwa shambani walikuja mbio kuuliza kuna nini, na walipoambiwa, nao wakapokea kigelegele. Mzee alimshika binti yangu mkono, akauinua juu, akamzungusha kiwanja kizima. Nililia bila kujificha.

Kesho yake pale mtoni, yule layoni mrefu alipowaona mbuzi wetu wanashuka, aliwaambia wenzake, “Mpisheni.” Binti yangu akawanywesha mbuzi wake kwenye maji safi, akawaita na watoto wadogo waliokuwa wakingoja kule chini.

Haukupita muda, yule jirani, baba wa layoni mrefu, akaja kwetu asubuhi amemshika mkono binti yake mdogo. Alikohoa, akatazama pembeni.

“Na huyu, mzee atampokea?”

Kabla sijafungua kinywa, mke wangu alikuwa amekwisha kujitanda nguo. “Twende,” alimwambia. “Nitazungumza naye mimi.”